Mlango Usiokwenda Likizo

Weka kiganja kifuani, katikati, kushoto kidogo. Umesikia? Du-du. Du-du.

"Mjomba, nani anabisha humo ndani?"

Swali zuri hilo, mpwa wangu! Watu wazima wangapi wamewahi kuliuliza? Ni milango ya moyo inayojifunga. Iko minne, na madaktari huiita valvu. Hebu mmoja ajieleze mwenyewe.

"Mimi nakaa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini. Nina vibawa viwili vyembamba. Damu ikija, nafungua. Ikishapita, nafunga. Nafungua, nafunga, mara 100,000 hivi kwa siku. Likizo sijui ndiyo nini.

"Mwenye moyo wangu ni mtoto kama wewe. Aliumwa koo, hakutibiwa. Kinga ya mwili ikainuka kupigana na bakteria wa koo, ikanifananisha na adui, ikanipiga na mimi. Nikapata makovu, nikakakamaa. Sasa sifunguki vizuri, wala sifungi vizuri. Damu nyingine inarudi ilikotoka, na mtoto anatweta akitembea kidogo tu."

"Maskini! Si aitwe fundi?"

Mafundi wapo. Mwaka 1925, jijini London, daktari Henry Souttar alipenyeza kidole ndani ya moyo wa msichana, moyo ukiwa unadunda, akaupanua mlango uliobana. Kidole, mpwa wangu! Msichana akatoka salama. Lakini madaktari wenzake hawakumpelekea mgonjwa mwingine wa aina hiyo. Mimi nasema waliogopa tu.

Mwaka 1960, huko Marekani, daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards wakaja na mlango mpya kabisa: kijipira ndani ya kizimba. Kijipira kikisogea, damu inapita. Kikirudi, njia inazibwa.

"Basi si kila mgonjwa awekewe mpya?"

Ngoja. Mwenye mlango wa kiwandani kama huo hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote. Halafu mtoto anakua, mlango wake haukui.

Ndiyo maana nampenda zaidi Mfaransa Alain Carpentier. Yeye alitaka mlango wa zamani utengenezwe, usitupwe. Akapunguza vibawa vilivyolegea, akashona pete kuuzunguka mlango ili ukae umbo lake. Leo madaktari wengi duniani wanafuata njia yake. Ila mlango uliokakamaa kwa makovu ni kazi ngumu kuliko uliolegea, na watafiti bado wanauhangaikia.

"Na kwetu je?"

Kwetu pia, Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inafanya upasuaji wa valvu. Lakini koo lenye bakteria hao linatibika mapema, kwa penisilini tu. Kwa hiyo koo likikuuma na homa ikapanda, usinyamaze ukaenda kucheza. Mwambie mama siku hiyohiyo, akupeleke zahanati.