Mitishamba ya samaki ipimwe kabla ya kusifiwa

Mfugaji wa samaki humu nchini hana uhaba wa washauri. Akiuliza kwa nini ngege wake wamedumaa, huyu atamwambia awatilie unga wa mlonge katika chakula, yule atamtajia kitunguu saumu, na wa tatu atamsifia mwarobaini kwa ufasaha wa mchuuzi aliye mnadani. Wote watatu watamalizia kwa kauli moja: dawa hii ni ya asili, haina madhara. Kauli hiyo ndiyo ninayotaka tuichunguze leo, hasa sisi tunaoshinda na chaki na vitabu, maana ndani yake mna ukweli mkubwa uliochanganywa na uongo wa hatari.

Tuanze na ukweli. Mnamo mwaka wa 2009 serikali ilizindua mpango wa kufufua uchumi ambao sehemu yake ilikuwa kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Shauku ilikuwa kubwa ajabu. Hata hivyo, vingi vya vidimbwi hivyo viliachwa baadaye vikaota magugu, na miongoni mwa malalamiko ya wafugaji, bei ya chakula ilikuwa mstari wa mbele. Si ajabu, kwani chakula peke yake humeza zaidi ya nusu ya gharama ya ufugaji huu. Mtu aliyetumia fedha hizo zote kisha akaamka alfajiri na kuwakuta samaki wake wakielea matumbo juu, hajapoteza kitoweo tu; yamkini amepoteza karo ya mwanawe.

Maradhi hupata mwanya pale samaki wanaporundikana. Bakteria wa aina ya Aeromonas, mathalani, huishi majini siku zote wakimngoja samaki adhoofike. Katika nchi nyingi jibu la kwanza lilikuwa kutia viuavijasumu katika chakula. Taabu ni kwamba sehemu kubwa ya dawa hizo haiishii mwilini mwa samaki, bali huyeyuka majini au hutoka na kinyesi na kutua topeni, ambako bakteria huzoea dawa hadi isiwadhuru tena. Isitoshe, dawa zenyewe, kama vile oksitetrasaiklini, ni ndugu wa zile ambazo daktari humwandikia binadamu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku utumiaji wa viuavijasumu kwa ajili ya kuharakisha ukuaji wa mifugo kuanzia Januari 1, 2006, na uamuzi huo ukazidisha hamu ya watafiti ya kutafuta badala yake katika mimea.

Kati ya mimea yote iliyojaribiwa, kitunguu saumu ndicho kinachonivutia zaidi, na mwalimu wa kemia atakubaliana nami. Mwaka wa 1944 wanasayansi wawili wa Marekani, Chester Cavallito na John Bailey, waliitenga kemikali iitwayo alisini na kuthibitisha kwamba huua bakteria. Lakini alisini haimo ndani ya punje nzima ya kitunguu saumu! Kilichomo ni kemikali nyingine, aliini, na kando yake, katika chumba tofauti cha seli, kimo kimeng'enya. Punje inapopondwa, kuta za seli hubomoka, viwili hivyo hukutana, na hapo ndipo alisini huzaliwa pamoja na ile harufu inayotutoa machozi ya hamu ya pilau.

Maana yake kwa mfugaji ni nini? Joto kali huharibu kimeng'enya. Kwa hivyo anayechemsha vitunguu saumu vizima ndipo aviponde, ameambulia supu. Anayeviponda vikiwa vibichi, akaviacha kwa dakika chache, akavichanganya na mafuta kidogo ya kupikia na kuipaka mseto huo juu ya tembe za chakula, kisha akaanika kivulini, huyo amefanya la maana. Asitengeneze akiba ya mwezi mzima, kwa kuwa alisini haidumu. Nchini Misri, ambako samaki wa kufugwa huzalishwa kwa wingi kuliko kwingineko barani Afrika, watafiti wamewalisha ngege kitunguu saumu kwa viwango mbalimbali, kama vile gramu 10, 20 na 30 kwa kila kilo ya chakula, wakaona samaki hao wakikua vyema na kustahimili maambukizi kuliko wenzao waliokosa.

Jambo moja halisemwi na wachuuzi. Samaki anapougua, dalili yake ya mapema ni kususia chakula. Basi dawa iliyotiwa chakulani itaishia matumboni mwa walio wazima, na mgonjwa aliyekusudiwa hataionja. Ndiyo sababu mitishamba ya aina hii si tiba, ni kinga. Kazi yake ni kuamsha askari ambao samaki amezaliwa nao: ule ute unaoteleza mwilini mwake, ambao ndio ngao yake ya kwanza, na seli za damu zinazomeza vijidudu. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa wakiwafunza wafugaji, lakini kwa mara hii methali yao inaweza kuchukuliwa neno kwa neno.

Sasa tuugeukie uongo. Eti kilicho cha asili hakina madhara? Na utupa je? Wazee wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki waliyajua majani hayo barabara. Huyatwanga, wakayatia katika maji yaliyotulia, na baada ya muda samaki huibuka wamelewa, wakaokotwa kwa mikono. Ndani ya utupa mna rotenoni, sumu inayozizuia seli kuitumia oksijeni. Huo ni mmea wa asili kama mlonge ulivyo wa asili, na leo sheria haimruhusu mtu kuvua kwa sumu.

Mwarobaini wenyewe, ambao jina lake ladai kutibu maradhi arobaini, huwashambulia wadudu na vimelea kwa ukali uleule unaoweza kuyaunguza matamvua ya vifaranga wa samaki ukizidishwa. Majani ya lukina yana protini nyingi, ila yana mimosini inayodumaza. Soya isiyokaangwa huzuia usagaji wa protini tumboni. Mashudu ya pamba yana gosipoli. Majani ya muhogo yana sianidi, na hilo mpishi yeyote wa kisamvu analijua bila kufundishwa darasani, ndiyo maana huyatwanga na kuyachemsha mno. Mbegu za papai nazo zimeonekana katika majaribio kupunguza uwezo wa ngege wa kuzaana. Kwa mfugaji ambaye kidimbwi chake kimefurika vifaranga, hiyo ni neema. Kwa jirani yake anayezalisha vifaranga vya kuuza, mbegu zilezile ni maangamizi. Tofauti baina ya dawa na sumu ni kipimo, na kipimo ndicho kinachokosekana katika mazungumzo yetu.

Fauka ya hayo, tusiupe mmea kazi isiyo yake. Mwishoni mwa mwaka wa 2022 samaki wengi mno walikufa katika vizimba vya Ziwa Victoria upande wa Kisumu, na wataalamu wakaeleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua majini. Hakuna mlonge wala mdalasini unaoweza kumpa pumzi samaki aliyekosa hewa. Wafugaji wa samaki wa Norway nao, ambao mwaka wa 1987 walitumia karibu tani 50 za viuavijasumu, walipunguza kiasi hicho hadi kufikia tani moja hivi katikati ya miaka ya tisini, ilhali samaki wao walizidi kuongezeka. Siri yao kubwa ilikuwa chanjo, pamoja na usafi wa mashamba yao ya baharini. Nataja hayo kwa sababu wapo wanaozungumza kana kwamba njia ni mbili tu, ama dawa za dukani ama majani ya kichakani.

Je, shule zina nafasi gani katika haya? Kubwa, kwa maoni yangu, na hatuitumii. Zipo shule zenye vidimbwi ambavyo huonyeshwa wageni siku ya wazazi kisha husahauliwa. Kidimbwi kimoja, neti ya bei nafuu, mizani ya jikoni na daftari vyatosha kwa jaribio la maana. Shoneni vizimba sita vidogo vya neti na kuvitia katika kidimbwi hichohicho, ili maji yawe mamoja kwa samaki wote. Wekeni idadi sawa ya ngege wa umri mmoja katika kila kizimba. Vitatu vipewe chakula chenye kitunguu saumu. Vitatu vipewe chakula kilekile bila kitunguu saumu. Mbona vitatu, si kimoja? Kwa kuwa kizimba kimoja kinaweza kufanikiwa kwa bahati tu, au kikaharibiwa na mnandi aliyepita. Na hapa mwalimu awe macho: chakula kisichokuwa na kitunguu saumu nacho lazima kipakwe mafuta yaleyale, kwa kiasi kilekile. La sivyo, samaki wakinenepa, nani atajua kama ni kitunguu saumu kilichowanenepesha au ni mafuta? Mwanafunzi atakayeliona kosa hilo kabla ya kuambiwa, mwalimu wake na amwandikie alama zote.

Uzani uchukuliwe kila baada ya wiki mbili, wa chakula na wa samaki, na vifo vihesabiwe bila kufichwa. Asubuhi na mapema joto la maji lipimwe. Maafisa wa uvuvi wa kaunti wana wajibu wa kusaidia wakiombwa, na kituo cha utafiti cha Sagana, ambacho kimewashughulikia samaki wa kufugwa tangu 1948, hakiko mbali na shule za eneo la Mlima Kenya. Kwa upande wa serikali, ningependa iwalazimishe wauzaji wa unga wa mitishamba kuandika juu ya kila mfuko ni mmea gani uliomo, ni gramu ngapi kwa kilo ya chakula, na ulisagwa lini. Mfuko usiosema hayo usiuzwe.

Muhula ukifika ukingoni, matokeo yabandikwe ubaoni na wafugaji wa kijijini waalikwe kuyasoma na kuwauliza wanafunzi maswali. Na iwapo kitunguu saumu hakikuleta tofauti yoyote kati ya vizimba, hilo nalo libandikwe, kwa herufi za ukubwa uleule.