Treni ya Pili

Swali hili huulizwa na watu wawili wasiofanana. Mmoja ni mtalii aliyetia nanga Mombasa na meli yake ya starehe. Mwingine ni kijana wa Kilembwe, Kongo, aliyeshuka milima kwa pikipiki hadi Baraka, akapanda boti ya kwenda Kigoma. Wote wanauliza: chombo kikilala bandarini mchana kutwa, naweza kupanda treni nikaone jiji kubwa, nikarudi kabla hakijaondoka?

Wengi huanza kwa kupima kilomita. Mimi naanza na saa ya mwisho, narudi nyuma. Meli za utalii hutaka abiria wawe ndani nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka. Toa hiyo. Toa mwendo kutoka stesheni hadi gatini. Toa safari ya treni, kwenda na kurudi. Kinachobaki ndicho cha kutembea mjini, na mara nyingine hakibaki kitu.

Halafu uliza jambo ambalo wageni hulisahau: ukikosa treni uliyoipanga, ya pili inapita lini? Italia, meli hutia nanga Civitavecchia na abiria wanakwenda Roma kwa treni, kilomita kama 80, mwendo wa saa moja hivi. Watu hawaogopi, kwa sababu treni za kurudi ni nyingi. Ukichelewa kwa sababu ya foleni ya kahawa, unangoja kidogo unapanda nyingine.

Mombasa hesabu hiyo inakataa. Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza mwaka 2017, huchukua kama saa tano kufika Nairobi, na stesheni yenyewe iko Miritini, mbali na gati la Kilindini. Meli iliyofika saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni ina saa kumi na moja tu. Kumi zinaliwa na reli, tena bila kuhesabu muda wa kutembea Nairobi. Dar es Salaam kuna unafuu: stesheni ya treni ya umeme iko katikati ya jiji, jirani na bandari, na tangu mwaka 2024 treni hizo zinafika Morogoro na Dodoma. Morogoro ni chini ya saa mbili, kwa hiyo unakwenda na kurudi bila jasho. Dodoma ni kati ya saa tatu na nne kila upande, mimi nisingejaribu. Anayekwenda na ziara iliyoandaliwa na meli yenyewe kwa kawaida hungojwa. Aliyejipangia mwenyewe akichelewa, ataifuata meli hadi bandari inayofuata kwa nauli yake.

Kwetu Ziwa Tanganyika mambo yamegeuka. Stesheni ya Kigoma iko hatua chache kutoka bandarini, na Kalemie, upande wa Kongo, pia reli inagusana na maji. Si bahati. Reli hizi ziliwekwa ili zikutane na meli: ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, ya Wabelgiji ikafika Kalemie, wakati ule Albertville, mwaka 1915. Hata Liemba, meli ya ziwa hili, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ilikuja Kigoma ikiwa vipande ndani ya makasha, juu ya reli hiyo hiyo. Meli ilipanda treni kabla ya sisi. Na kuanzia mwaka 1921 Wabelgiji walipewa maeneo yao Kigoma na Dar es Salaam ili mizigo ya Kongo ipite huko hadi baharini.

Kwa hiyo gati na stesheni viko mlango kwa mlango, lakini jiji liko mbali mno. Kwa reli ya zamani, Kigoma hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,250, karibu siku mbili njiani. Kutoka Kalemie, reli inakwenda Kabalo, kilomita kama 270, kisha Kamina na Lubumbashi. Huko unahesabu siku, na mfuko wa chakula. Treni ya ziwani haikurudishi chomboni. Ni ya kupanda ukishaaga boti.

Mwenye mchana mmoja Kigoma aende Ujiji. Ni kilomita chache kwa gari, kuna makumbusho ya mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na watu wetu wengi wana ndugu pale.

Ukitoka Baraka, ukishuka tu Kigoma, sogeza saa mbele. Baraka ikiwa saa moja asubuhi, Kigoma tayari ni saa mbili. Treni ya saa mbili itakuwa inapiga honi huku saa yako ya mkononi ikikwambia bado una nafasi ya kunywa chai. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano vikae mfukoni, si kwenye begi ulilomwachia mwenye boti.