Mbwa Mdogo Akizeeka, Afya ya Mwenyewe Iangaliwe Pia

Watu wengi hapa Pwani huona ajabu mtu mzima kumlilia mbwa. Waislamu wengi wa huku hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na hata asiyekuwa Mwislamu mara nyingi humfuga kwa ulinzi tu. Lakini kutoka Diani hadi Munje wako wastaafu na wajane ambao mwenzao wa kila siku ni mbwa wa umbo dogo. Mimi hukutana nao kwa ajili ya shinikizo la damu na kukosa usingizi.

Mbwa mdogo huishi miaka mingi kuliko mkubwa. Kufikisha miaka 12 hadi 16 si ajabu. Akishapita miaka 10, ni vyema daktari wa mifugo amwone kila baada ya miezi sita. Meno ndiyo huharibika mapema, na dalili yake ni kinywa kunuka na kula kwa upande mmoja. Kikohozi cha usiku kisidhaniwe kuwa ni mafua: katika mbwa mdogo mzee, mara nyingi vali ya moyo imelegea na inavuja. Kunywa maji kupita kiasi huenda ikawa ni figo au kisukari. Naam, mbwa pia hupata kisukari.

Tafadhali msomaji, usimpe mbwa dawa zako za maumivu. Paracetamol huweza kumharibu ini na damu, na ibuprofen humtoboa tumbo na kuua figo.

Tena, mzee huyo akibadilika ghafla, akawa mkali, akadondokwa na mate au kushindwa kumeza, usiseme ni uzee. Huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa au kuparurwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya kila mwaka haikomi kwa sababu mbwa amezeeka.

Sasa tuje kwa mwenye mbwa. Mwaka 2017 madaktari wa Texas, Marekani, walieleza habari za mwanamke wa miaka 61 aliyeshikwa na maumivu makali ya kifua baada ya mbwa wake mdogo kufa. Mishipa ya moyo haikuwa imeziba. Moyo wenyewe ulikuwa umedhoofika na kuvimba upande mmoja. Wajapani, waliotangulia kuueleza ugonjwa huu, waliuita takotsubo, yaani chungu cha kutegea pweza, kwa kuwa moyo huchukua umbo hilo. Wavuvi wetu wanaomwinda pweza kwa mkuki miambani hawakijui chungu hicho, lakini ugonjwa wenyewe hauchagui nchi. Wengi hupona wakitibiwa mapema. Kwa hivyo maumivu ya kifua yasiitwe huzuni tu. Nenda hospitali mara moja.

Madhara mengine huja polepole. Mzee mmoja wa Munje alinijia shinikizo likiwa limepanda sana. Kumbe alizoea kumeza vidonge vyake asubuhi anapomwekea mbwa chakula. Mbwa alipokufa, saa hiyo ilipotea, na vidonge vikasahaulika wiki tatu. Hakutaka kunieleza sababu, akiogopa nitamcheka.

Mwambie daktari wako. Funga vidonge na jambo jingine la kila siku, kama chai ya asubuhi, na uendelee kutembea saa ile ile mliyokuwa mkitoka naye. Usingizi na hamu ya chakula visiporudi baada ya wiki mbili, njoo uonwe; na ukianza kuona huna haja ya kuishi, usingoje hata siku moja.

Mbwa azikwe kina cha futi tatu au zaidi, mbali na kisima. Akishukiwa kuwa na kichaa, usimguse wala kumzika kabla ya kumwarifu afisa wa mifugo.

Wengine huuliza kama wachukue mtoto wa mbwa mara moja. Naona heri kungoja kidogo. Na kwa kuwa huenda akaishi miaka 15, mwenye miaka 70 akubaliane kwanza na mtoto wake au jirani atakayemchukua.