Nyumba ya Mtu Mmoja Iliyogeuka Kuwa ya Wengi

Ukisafiri kutoka Keringet kwenda Molo, Elburgon na Njoro, hukosi kuona majengo ya zamani ya masetla: kuta za mawe, mabati yenye kutu, na chimni ndefu. Mengine yamekuwa stoo za viazi, mengine mabanda ya ng'ombe, na mengine yanabomoka tu huku watu wakichukua mawe usiku. Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: yabomolewe yaishe, au yana kazi nyingine? Tumeona ni vizuri kueleza habari ya jengo moja lililo karibu nasi, halafu kila mtu ajipimie.

Jengo hilo ni lile watu wanaloliita kasri la Lord Egerton, huko Njoro. Maurice Egerton alikuwa bwana mkubwa kutoka Uingereza, mwenye mashamba mapana katika nchi hii. Alianza kulijenga mwaka wa 1938, vita vikuu vikaja vikachelewesha kazi, na likamalizika mwaka wa 1954. Vyumba vyake ni zaidi ya 50, na ndani kuna ukumbi mkubwa wenye kinanda cha mabomba. Vifaa vingi vililetwa kwa meli kutoka Ulaya, lakini mikono iliyobeba mawe ilikuwa ya wafanyakazi, ambao majina yao hayakuandikwa popote ukutani.

Wazee wa Njoro husimulia kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa, na kwamba baadaye mwanamke yeyote alikatazwa kukanyaga pale. Sehemu ya hadithi huenda imeongezwa chumvi njiani. Linalojulikana wazi ni kwamba hakuoa wala hakuacha mtoto, na alifariki mwaka wa 1958, miaka minne tu baada ya nyumba kumalizika. Nyumba kubwa namna ile, mwenyewe akaifaidi miaka minne!

Baada yake jengo lilipita miaka mingi ya kupuuzwa. Leo liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton. Wanafunzi wa shule huja kutembea, watu hulipa kiingilio kidogo, mikutano hufanyika, na harusi pia. Hebu fikiria: mahali ambapo inasemekana mwanamke hakuruhusiwa hata kusogea, sasa bibi harusi anapigwa picha kwenye ngazi, na akina mama wanapiga vigelegele.

Chuo chenyewe nacho kina historia ya namna hiyo. Kilianza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo kwenye ardhi aliyoitoa Egerton, na kilikuwa cha kufundisha vijana wa Kizungu. Baadaye kikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka wa 1987 kikawa chuo kikuu kamili. Hata kwao Uingereza, nyumba yake ya Tatton Park iliachiwa shirika la kuhifadhi majengo, na watu wa kawaida huitembelea.

Mfano wa pili uko Nakuru mjini, Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi. Pale kulikuwa na nyumba ya shamba ya familia moja ya masetla. Tangu mwaka wa 1965 ni makumbusho, na ndani yake kumewekwa vitu vya watu walioishi kilimani hapo maelfu ya miaka kabla setla hajafika. Kwa hiyo nyumba ya aliyekuja mwisho inatunza habari za waliotangulia.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Tunajua wengine watasema, "Majengo hayo ni ya ukoloni, yaanguke tu." Tunawaelewa. Watu walihamishwa ili mashamba yale yapatikane, na uchungu huo haujaisha. Lakini ukuta ukianguka, dhuluma haifutiki. Kinachopotea ni ushahidi na mawe mazuri. Afadhali jengo litumike na habari yake yote isemwe, pamoja na ya waliolijenga kwa mshahara mdogo.

Kama kikundi chenu kina jengo la zamani mkononi, tunashauri mambo manne.

Kwanza, ulizeni ni la nani. Msitie hata msumari kabla hati ya ardhi haijajulikana. Na kama limetangazwa kuwa jengo la kumbukumbu, sheria ya mwaka wa 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa inataka mpate kibali kabla ya kulibadilisha.

Pili, anzeni na paa na mifereji. Adui wa kwanza wa ukuta wa zamani ni maji, na huku kwetu mvua si mchezo. Mchwa ndio wa pili: gongeni mbao, msikie kama zina uwazi ndani.

Tatu, msikimbilie kupiga plasta ya saruji ngumu. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa udongo au chokaa laini inayopumua. Saruji hufungia unyevu ndani, na jiwe huanza kumeguka. Tafuteni fundi anayejua chokaa.

Nne, jueni nani atalipia. Chekechea, stoo ya viazi vya mbegu, ukumbi wa kukodisha: lolote mtakalochagua, lazima liingize pesa kidogo ya kununua bati likitoboka. Harambee hufungua mlango, lakini haiwezi kuutunza kila mwaka.

Mwisho, kabla hamjapaka rangi, kaeni na mzee mmoja au wawili waliofanya kazi mle. Andikeni majina ya waliochonga mawe, kisha myabandike mlangoni. Njoro hawakupata nafasi hiyo. Sisi bado tunayo, lakini wazee hawatungoji.