Mfumko wa bei unavyomyumbisha mkulima wa Saboti

MTU angedhani kuwa vyakula vinapopanda bei, mkulima wa mahindi wa Saboti, Trans Nzoia, ndiye anayeneemeka. La hasha. Wengi huuza mavuno kuanzia Oktoba, wakati bei imeshuka kwa kuwa kila mtu anauza. Kufikia Mei, baadhi yao wamo sokoni Kitale wakinunua mahindi yayo hayo kwa gorogoro, tena kwa bei ghali.

Mfumko wa bei ni kasi ya kupanda kwa bei kwa jumla, wala si bidhaa moja kuwa ghali. Serikali hulenga asilimia 5, ikiruhusu pointi 2.5 juu au chini. Kasi hiyo ikitabirika, mkulima huweza kukadiria mwezi Machi atakachopata Novemba. Ikiyumba, yeye hupunguza mbolea, mavuno hupungua, na mwaka unaofuata unga huadimika na bei kupanda tena.

Mwaka 2008 ulidhihirisha hayo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafurusha wakulima katika Bonde la Ufa na mahindi yakateketezwa. Bei ya mbolea nayo ilipanda zaidi ya maradufu katika soko la dunia. Uchumi uliokuwa umekua kwa takriban asilimia 7 mwaka 2007 ulikua kwa chini ya asilimia 2. Wataalamu walibishana iwapo mfumko ulikuwa asilimia 26, kwa mbinu ya zamani ya kukokotoa, au 16 kwa mbinu mpya. Mnunuzi wa unga hakuhitaji mbinu yoyote.

Novemba 2011 mfumko ulikaribia asilimia 20. Benki Kuu ilipandisha riba yake kutoka asilimia 7 mnamo Septemba hadi 18 Desemba, na kufikia mwisho wa 2012 mfumko ulikuwa takriban asilimia 3. Gharama yake ni kuwa riba za mikopo ya benki zilipita asilimia 20.

Dawa hiyo hufaa pesa zinapozidi, kama zilivyomiminwa wakati wa uchaguzi wa 1992, mfumko ukapita asilimia 40 mwaka uliofuata. Lakini riba haioteshi mahindi, na chakula ni takriban theluthi moja ya kapu linalotumiwa kupimia mfumko. Hivyo mbolea ya ruzuku, iliyouzwa kwa Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2023, nayo ni silaha dhidi ya mfumko, mradi ifike katika maghala ya NCPB Kitale kabla ya mvua.