Mfupa ni Kitu Kilicho Hai

Watu wengi hudhani ya kuwa mfupa ni kitu kikavu kisicho na uhai, kwa sababu mifupa waionayo ni ile iliyotupwa jaani. Lakini mfupa ulio ndani ya mwili wa mtu una damu na mishipa, nao hukua na kujitengeneza siku zote.

Mtu mzima ana mifupa 206, nayo imegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza lina mifupa 80 ya kichwa, shingo, mgongo na kifua. Hiyo ni kama nguzo ya kati ya nyumba, tena ni ngao: fuvu hulinda ubongo, na jozi 12 za mbavu hulinda moyo na mapafu. Fungu la pili lina mifupa 126 ya mabega, mikono, nyonga na miguu, ambayo hutuwezesha kwenda na kufanya kazi. Kutoka kifundo hata ncha za vidole, kila mkono una mifupa 27, na kila mguu 26. Ndiyo sababu mkono ule ule ushikao jembe waweza pia kutunga uzi katika sindano.

Mifupa ya mtoto mchanga ni laini. Huwa migumu kwa madini ya chokaa, yapatikanayo katika maziwa, mboga za majani, na dagaa waliwao pamoja na mifupa yao. Lakini mwili hauwezi kuyapokea vema madini hayo pasipo vitamini D, ambayo ngozi huifanyiza ipigwapo na jua. Basi mtoto afungiwaye ndani mchana kutwa, hata katika nchi yenye jua tele kama yetu, aweza kupata matege, miguu ikapindika kwa uzito wa mwili wake. Mzazi aonapo dalili hiyo asingoje. Na ampeleke hospitali mapema, maadamu mifupa ingali ikikua.

Uhai huo huo ndio uungao mfupa uliovunjika, mradi utulie. Kwa hiyo, mtu akivunjika mguu, msiuvute wala msiukande. Wekeni vipande vya mbao pande zote mbili, mvifunge kwa kitambaa bila kukaza mno, kisha mmpeleke kwa daktari. Mfupa uliotikiswa-tikiswa huunga kombo, na mtu aliyeweza kupona akabaki kilema.