Nani alimfundisha Rosa?

Umeshaisoma Rosa Mistika? Ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Mwanzoni ilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu inazungumzia ngono waziwazi. Baadaye ikaruhusiwa na kusomwa madarasani. Kasheshe iliyomo bado tunayo mpaka leo!

Rosa ni binti wa kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Mzigo wa familia anaubeba mama, Regina. Siku moja Zakaria anagundua Rosa ameandikiwa barua na mvulana. Je, anakaa naye wakaongea? Wapi! Anampiga vibaya sana.

Rosa anakwenda sekondari Mwanza akiwaogopa wavulana. Uoga ulipokwisha, hakuwa na kinga nyingine. Wanaume wakamchezea, akapata mimba, akatoa. Mwisho wake ni kujiua.

Wengi wakimaliza kitabu husema, "Rosa malaya." Haya, na hao wanaume je? Mimba huonekana kwa msichana tu. Mwenzake anaendelea na maisha kama kawaida.

Leo hali ikoje?

Hapa Tanzania, kwa miaka mingi mwanafunzi akipata mimba alifukuzwa shule. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi masomoni. Kutoa mimba bado ni kosa kisheria, isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Wengine hutoa kwa siri, vichochoroni. Matokeo yake ni kuvuja damu, kuoza kizazi, ugumba, hata kifo.

Kwa hiyo ujue haya:

- Mimba inaweza kuingia hata mara ya kwanza.
- Kondomu ikitumiwa vizuri hukinga mimba na magonjwa ya zinaa, pamoja na VVU.
- Umefanya ngono bila kinga, au umebakwa? Wahi kituo cha afya ndani ya saa 72. Kuna vidonge vya dharura vya kuzuia mimba na dawa za kukinga VVU. Ukiwahi zaidi ndiyo vizuri zaidi.
- Mimba imetoka, na una homa, damu nyingi au uchafu unaonuka? Nenda hospitali upesi, hata kama ilitolewa. Matibabu hayo yanaruhusiwa.
- Umekata tamaa kama Rosa? Usikae nalo peke yako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au muuguzi.

Kiboko kilimfundisha Rosa kuogopa tu. Kuhusu mwili wake hakikumwambia kitu.

Jadilini darasani: wewe ungekuwa Zakaria, ile barua ungeifanyia nini?